Kupima hatari za dunia kwa dodoso la wataalamu: kazi ya kufanyia Mombasa

Orodha ya hatari kumi kubwa za dunia ni rahisi kuipata. Kigumu ni kujua ipi huivuta ipi, na kwa njia gani hadi ifike Mombasa. Kwa kazi hiyo unahitaji wataalamu 25 hadi 40, lahajedwali, na wiki sita hivi.

Hatua ya 1: Andika hatari kama tukio

"Mabadiliko ya tabianchi" hayaulizwi hivyo. Kila mtu atayaelewa kivyake. Andika "mvua inayofunga barabara ya Mombasa–Nairobi kwa siku 3 au zaidi". Weka vipindi viwili, miaka 2 na miaka 10, kama wafanyavyo Jukwaa la Uchumi Duniani katika ripoti yao ya hatari.

Usizidi hatari 12. Mshale ni dai kwamba hatari A huleta hatari B. Hatari 12 zina mishale 132 (12 × 11, kwa kuwa A kuleta B si sawa na B kuleta A). Hatari 30 zina 870, na hakuna atakayeimaliza fomu hiyo. Pia usiigawe hatari moja vipande vitatu huku nyingine ukiiacha nzima: iliyogawanywa itaonekana kitovu cha kila kitu kwa sababu tu ina mishale mingi.

Hatua ya 2: Chagua watu kwa kazi, si kwa cheo

Bandari, mawakala wa forodha, umeme, maji, hospitali, hoteli, benki, utabiri wa hewa, wavuvi kupitia BMU (vikundi vya usimamizi wa fukwe). Kundi moja lisizidi robo ya wote. Mkurugenzi mara nyingi hujibu kwa niaba ya taasisi yake. Msimamizi wa zamu hujibu anachokiona.

Muda una uzito wake. Ukiuliza Mei, masika yakiwa yamepamba moto, mafuriko yatapanda juu. Na fomu ya Ijumaa mchana hufunguliwa Jumatatu, ikifunguliwa.

Hatua ya 3: Uwezekano na ukali

Uwezekano uulize kwa asilimia. Neno "huenda" kwa mmoja ni 20, kwa mwingine ni 60. Ukali upime 1 hadi 7, na uandike maana ya namba: 1, shughuli zinarudi siku hiyo hiyo; 4, wiki mbili; 7, zaidi ya miezi sita. Ruhusu "sijui", na usiigeuze kuwa sifuri.

Ongeza maswali 10 ambayo jibu lake unalo wewe, mfano tani zilizopita bandarini mwaka fulani. Mtaalamu atoe kiwango cha chini na cha juu ambavyo ana hakika navyo kwa asilimia 90. Jibu sahihi likiangukia ndani ya mipaka yake mara 4 tu kati ya 10, huyo anajiamini kupita kiasi, na asilimia zake zisomwe hivyo.

Hatua ya 4: Mishale

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Usiulize "zinahusiana?", maana kila kitu kinahusiana. Uliza: "A ikitokea, uwezekano wa B unapanda?" Kila mtu achague mishale 5 anayoijua vizuri, aipe nguvu 1 hadi 3, muda wa kuchelewa, na sentensi moja ya njia.

Sentensi hiyo ndiyo huchuja. Chukua mashambulizi ya meli Bahari ya Shamu, yaliyoanza Novemba 2023. Wengi watachora mshale hadi bei za Mombasa. Lakini meli za kutoka China na India hazipiti Suez kuja hapa. Mshale utakubalika iwapo mtu ataandika njia: meli za Ulaya huzunguka Rasi ya Tumaini Jema, makontena hukwama safarini, nauli hupanda hata kwa njia nyingine. Mshale usio na njia, futa.

Hatua ya 5: Duru ya pili

Huu ni utaratibu wa Delphi, uliobuniwa katika taasisi ya utafiti ya RAND, Marekani, miaka ya 1950. Mrudishie kila mmoja mediani (jibu la katikati), robo ya chini na robo ya juu (mipaka inayobeba nusu ya majibu ya katikati), bila majina. Aliye nje ya mipaka hiyo aandike sababu au abadilishe. Msiwakutanishe ukumbini: mkubwa akisema, wadogo hunyamaza.

Hatua ya 6: Hesabu

Weka nguvu za mishale katika jedwali: hatari inayoleta kwenye mstari, inayoletwa kwenye safu. Jumla ya mstari huonyesha hatari inayosukuma nyingine. Jumla ya safu, inayosukumwa. Mishale ni mitano tu kwa mtu, kwa hiyo andika kando ya kila mmoja idadi ya waliouchora. Usizidishe asilimia kwa namba ya ukali: 6 si mara mbili ya 3. Zichore kwenye mihimili miwili, mmoja wa uwezekano, mwingine wa ukali.

Wala usiuze matokeo kama utabiri. Ripoti ya Jukwaa la Uchumi Duniani ya Januari 2020 iliweka magonjwa ya kuambukiza nafasi ya 10 kwa athari, na hayakuwemo katika kumi za juu kwa uwezekano.

Kabla ya kusambaza, ondoa cheo, jinsia na miaka ya kazi ya kila mhojiwa. Marubani wa meli bandarini, kwa mfano, ni wachache. Sifa tatu zinatosha kumtaja mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakuhusu.