Okapi au Opinel namba 8: jinsi ya kuchagua kisu cha kukunja, hatua kwa hatua

Msimu wa kupanda mlima ukikaribia, wapagazi wapya huanza kuulizana: ninunue Okapi au Opinel? Mimi ni mpishi wa safari za milimani, nafanyia kazi Moshi na Arusha, na visu hivi viwili ndivyo navyokutana navyo zaidi mifukoni mwa watu wa kazi. Opinel mara nyingi ni zawadi ya mgeni Mfaransa siku ya kuagana. Okapi hutoka Afrika Kusini. Vyote viwili ni mbao na chuma, vyote vinakunjwa, na vyote vina pete. Ila pete ya hiki na pete ya kile hazifanyi kazi moja, na uchaguzi wote umejificha hapo. Usichague bapa, chagua kufuli. Bapa likiisha makali utalinoa. Kufuli likichoka, bapa linajifunga juu ya vidole vyako.

Kwanza tuvijue. Okapi ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani barani Afrika, yaani hata babu zetu wa Tanganyika walilengwa na biashara hiyo. Jina ni la yule mnyama wa misitu ya Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka mmoja tu kabla, 1901. Tangu 1988 kisu hiki kinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini wake wa mbao una urembo wa mwezi na nyota za chuma, na ukishakiona mara moja hukisahau.

Opinel ni ya Savoie, upande wa milima ya Alps nchini Ufaransa. Joseph Opinel alitengeneza cha kwanza mwaka 1890, na kufikia 1897 vilikuwa na saizi kumi na mbili, namba 1 hadi 12. Namba 1 na 11 ziliachwa baadaye. Namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5, ndiyo inayopendwa na wengi, na ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Hatua ya 1: Sema kazi yake kwa sauti

Kumenya viazi na kukata nyanya? Kukata kamba ya mizigo? Kuchonga vigingi vya hema? Kama asilimia kubwa ya kazi ni chakula, Opinel imeshashinda nusu ya shindano, kwa sababu bapa lake ni jembamba na linapita kwenye nyanya bila kuiponda. Kama ni kamba, magunia na mipira ya kufungia mizigo, Okapi inavumilia zaidi. Ukijibu "kila kitu", rudi ufikirie tena.

Hatua ya 2: Lielewe kufuli

Hapa tukae kidogo.

Opinel ya mwaka 1890 haikuwa na kufuli lolote. Pete ya kuzunguka shingo iliongezwa mwaka 1955. Ni kipande cha chuma chenye mwanya. Mwanya ukitazamana na mfereji wa mpini, bapa linapita. Ukiizungusha pete, mwanya unahama na ukuta wa chuma unakaa nyuma ya kitako cha bapa. Haliwezi kurudi. Hakuna springi wala jino, kwa hiyo hakuna cha kuchoka haraka. Matoleo ya miaka ya karibuni yanakuruhusu pia kuifunga pete kisu kikiwa kimekunjwa, ili kisifunguke mfukoni. Kasoro yake ni moja: kufuli halijifungi lenyewe. Usipozungusha pete, huna kufuli. Nimewaona watu wanamiliki Opinel miaka na hawajui pete inazunguka, wanadhani ni pambo.

Okapi yenye pete inafanya kazi kinyume. Kitako cha bapa kina meno, na mgongoni kuna springi ndefu yenye tundu. Unapofungua, meno yanapita chini ya springi moja baada ya jingine, kra, kra, kra, hadi la mwisho linazama kwenye tundu. Linajifunga lenyewe. Kukunja, unavuta pete, springi inanyanyuka, jino linatoka. Sasa tatizo: usalama wako wote unategemea nguvu ya springi moja na ukali wa kona za jino moja. Ikiwa mpya inashika vizuri. Ikishapigwa na vumbi, ikafunguliwa na kufungwa kwa mchezo mia kwa mia kijiweni, kona zinakuwa mviringo na springi inalegea. Na haikuambii siku itakayoachia.

Kwa hiyo anayekumbuka kuzungusha pete kila mara, achukue Opinel. Asiyekumbuka, achukue Okapi na aikague kila mwezi.

Hatua ya 3: Soma bapa

Opinel zipo za aina mbili, na neno limegongwa kwenye bapa lenyewe chini ya ile alama ya mkono wenye taji: "Carbone" au "Inox". Inox ni chuma kisichoshika kutu kirahisi, Carbone ni chuma cha kaboni. Mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja asijisumbue, achukue Inox, maana hewa ya chumvi haina huruma. Carbone inanoleka kirahisi zaidi na inakata vizuri sana, lakini inataka kufutwa kila baada ya kazi. Okapi ya kawaida ni chuma cha kaboni, basi. Ukiipenda, ipende na kutu yake.

Hatua ya 4: Kijaribu dukani

Usione aibu mbele ya muuzaji. Fungua kisu, funga kufuli, kisha shika bapa kwa kitambaa na ulitikise kushoto na kulia. Mtikisiko mdogo kwenye Okapi ni kawaida, ule wa kusikika si kawaida. Halafu egemeza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza na usukume taratibu, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya bapa. Usipige, sukuma. Likiachia, rudisha kisu na uage. Kwa Okapi fungua polepole na usikilize mlio wa mwisho: uwe mkavu na mzito kuliko iliyotangulia. Chungulia pia kutokea mgongoni, uone jino limezama lote kwenye tundu au limening'inia nusu.

Nakala za bei poa zipo. Maandishi yaliyofifia kwenye bapa, au pete ya Opinel inayozunguka ovyo kama bangili, ni dalili tosha.

Hatua ya 5: Noa kabla ya kuanza kazi

Jiwe la maji, nyuzi kama 20 kila upande, taratibu. Mafundi wa kunoa kwa baiskeli ni wazuri kwa mapanga na visu vya bucha, ila bapa jembamba likikaa sekunde chache za ziada kwenye jiwe kavu linalozunguka linageuka rangi ya buluu. Hapo chuma kimeungua, makali hayatakaa tena.

MASWALI YA WASOMAJI

Dereva wa bodaboda, Dodoma: *Kaka, mimi nalala barabarani usiku. Kipi kati ya hivi kinafaa kujilinda?*

Hakuna, ndugu yangu. Opinel inataka mikono miwili, kwanza kufungua, halafu kuzungusha pete. Mtu aliyeshakushika kola hakusubiri. Okapi ni kufuli la jino moja, na vyote viwili havina kizuizi cha kidole mbele ya mpini: mkono ukilowa jasho unateleza hadi kwenye makali yako mwenyewe. Vipo visu vya kukunja vilivyobuniwa vifunguke kwa mkono mmoja. Kampuni ya Spyderco ya Marekani ilitoa chenye tundu la kidole gumba na klipu ya mfukoni mwaka 1981, na wengi wameifuata. Lakini hata hicho hakikuondolei tatizo kubwa: ukitoa kisu, ugomvi wa kuporwa simu umekuwa ugomvi wa kuuana, na mwenzio huenda yuko na wenzake watatu. Halafu kuna polisi. Hapo jirani Kenya, kifungu cha 308 cha Sheria ya Adhabu kinamhusu mtu anayekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa, na adhabu yake ni miaka jela. Ukishasema mwenyewe kwamba umekibeba kwa ajili ya watu, umeisaidia hiyo kesi. Nunua tochi kali na filimbi, chagueni kituo chenye taa, msimame wawili wawili. Pikipiki wakitaka, wape.

Dada wa Leicester, Uingereza: *Mume wangu anataka Opinel namba 8 ya kwendea kambi. Inaruhusiwa kutembea nayo?*

Kuwa nayo nyumbani hakuna shida. Kutembea nayo hadharani ni jambo jingine. Sheria ya huko ya mwaka 1988 inaruhusu kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na mahakama zimeamua kwamba chenye kufuli hakihesabiwi humo. Namba 8 inakosa mara mbili: ni ndefu, na inafungika. Utahitaji sababu ya msingi, kama kuwa njiani kwenda kambini nacho kikiwa ndani ya mkoba. Kujilinda hakukubaliwi kuwa sababu. Opinel namba 5 na kushuka hazina pete ya kufuli na bapa ni fupi. Mnunulie hiyo ya kutembelea.

Kijana wa Tanga: *Opinel yangu imenyeshewa, sasa haifunguki kabisa.*

Mbao ya mpini imekunywa maji, imevimba na kulibana bapa. Usiivute kwa meno wala koleo. Hakikisha pete iko wazi, shika mpini, ugonge kitako chake kwenye jiwe au ukingo wa ngazi. Bapa litachomoza kidogo kwenye ncha, ulimalizie kwa kucha. Ndivyo wafanyavyo wenyewe kule Savoie. Kikauke kivulini siku mbili, si juani, mbao itapasuka. Halafu tia tone la mafuta ya cherehani kwenye egemeo.

Mama lishe, Morogoro: *Nimekata ndimu na Opinel ya Carbone, imekuwa nyeusi. Imeharibika?*

Haijaharibika, mama. Asidi ya ndimu imekichoma chuma juu juu, na weusi huo unasaidia kidogo kuzuia kutu. Kutu ni ile nyekundu, hiyo ndiyo ya kusugua. Lakini kisu kikiwa kipya, ndimu na embe bichi vinaweza kutoa ladha ya chuma, kwa hiyo kwa kachumbari tumia Inox. Kwa kisu cha chakula paka mafuta ya kula, usipake ya cherehani.

Kaka wa Nairobi: *Pete ya Okapi inanasa kwenye mfuko wa suruali kila saa. Niing'oe?*

Usiing'oe. Bila pete utainyanyua springi kwa kucha au kwa ncha ya kitu kingine, na vidole vitakuwa pale pale bapa linapokunjia. Mpelekee fundi viatu akushonee ala ya ngozi ya kuvaa mkandani, yenye mfuniko wa kifungo, kisu kikae pete ikiwa juu.