Sukuma wiki kwenye gunia: usifanye mchezo na nguzo ya kokoto

Gunia la mahindi la kilo 90 huingia madebe sita. Hesabu hiyo ya sokoni ndiyo utakayoitumia hapa: debe moja la kokoto za nguzo ya katikati inayoshusha maji hadi chini, madebe matatu ya udongo na madebe mawili ya samadi iliyooza. Kama udongo wako ni mfinyanzi unaoshikana kama unga wa ngano, punguza debe moja la udongo uweke la mchanga. Weka pembeni mchanganyiko mwingine wa nusu debe, maana ukishamwagilia mara ya kwanza udongo utashuka.

Chagua mahali kabla hujajaza chochote. Gunia likijaa na kulowa linazidi kilo 150, na atakayejaribu kulisogeza atalipasua. Panapofaa ni pale panapopata jua kwa muda wa saa sita hivi kwa siku, hasa la asubuhi. Kwenye baraza la ghorofani, tumia viroba vya kilo 25 na uvipange karibu na ukuta.

Gunia la salfeti, lile la nyuzi za plastiki, ndilo bora. La katani linaoza mapema kwa sababu ya unyevu. Lililobeba mbolea ya dukani au dawa za shamba liache kabisa, hata ukilifua mara tatu.

Samadi ndiyo inayowaponza wengi. Ingiza mkono katikati ya lundo: ukihisi joto, au pua ikakuambia bado ni kinyesi, haijaiva, nayo itaunguza mizizi. Iliyoiva ni baridi, nyeusi na inamomonyoka mkononi. Ya kuku ni kali zaidi, kwa hiyo hata ikiwa imeiva weka debe moja tu mahali pa mawili, pengo lijaze kwa udongo.

Sasa nguzo yenyewe. Tafuta kopo kubwa la maziwa ya unga, ulikate kitako libaki wazi pande zote mbili, au kipande cha bomba la inchi 6. Kokoto za zege zinafaa, ila zioshe kwanza. Vumbi lake likilowa hugandamana na kuziba njia ya maji. Kunja mdomo wa gunia kwa nje hadi libaki fupi, simamisha kopo katikati, lijaze kokoto, kisha zungushia udongo hadi ulingane na kopo. Shindilia kwa mikono, hasa pembeni kwenye kitambaa, lakini usikanyage kwa miguu. Halafu vuta kopo juu polepole huku ukilizungusha, kokoto zibaki chini, na uache sentimita tano hivi za kopo ndani ya nguzo ili isikatike. Jaza tena kokoto, jaza tena udongo, kunjua gunia kidogo, endelea. Ukifika juu, acha nafasi ya vidole vinne kutoka ukingoni na uufanye udongo uwe kama sahani, ili maji yasimwagikie nje.

Kuna wanaoona nguzo ni usumbufu, wakajaza udongo mtupu. Wiki ya pili mboga za juu zinanawiri na za chini zimenyauka, kwa sababu maji yote yameishia nusu ya juu. Dalili hiyo hiyo ikitokea kwenye gunia lenye nguzo, ujue udongo umeingia katikati ya kokoto: chomeka kipande cha nondo, kitikise hadi maji yaanze kushuka. Na ukimwagilia maji yakatoka chini papo hapo, yamepita kati ya udongo na kitambaa. Bonyeza gunia kwa nje pande zote, ongeza udongo juu, kisha mwagilia kidogo kidogo.

Mwagilia gunia lilowe, liache siku mbili ndipo utoboe matundu ya miche ubavuni. Mstari wa kwanza uwe shubiri moja kutoka chini, na kati ya tundu na tundu shubiri moja pia. Mzunguko utakupa matundu sita, na mistari mitatu inatosha. Usiyapange yakawa moja juu ya jingine: la mstari wa pili likae katikati ya mawili ya chini yake. Utasikia watu wakisifia miche hamsini kwenye gunia moja. Inaingia, lakini majani yatakuwa ya kulisha sungura. Miche 18 ubavuni na mitano juu inatosha. Huko juu pia panafaa vitunguu vya majani au giligilani.

Chukua miche ya wiki nne, yenye majani manne au matano. Kata mpasuo wa vidole vitatu tu, chomeka kijiti kwa kuelekea chini, ingiza mzizi wote bila kuukunja, bonyeza. Mche uliopandwa mzizi ukiwa umekunjwa hudumaa hata ukiubembeleza kwa mbolea. Panda jioni.

Kwa siku za jua gunia hutaka kama lita tano, nyingi zipitie kwenye kokoto. Maji ya kuoshea mchele au mboga ni mazuri. Ya kufulia usiyaguse. Kwenye visima vya chumvi, kama vingi vya Dar es Salaam na Mombasa, ukiona utando mweupe kwenye gunia na kingo za majani zimeungua, mwagia maji mengi ya mvua ya kulisafisha. Spinachi huvumilia chumvi kuliko sukuma.

Vidukari hujificha chini ya majani. Changanya kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, nyunyizia huko chini jioni, rudia baada ya siku tano, na uoshe mboga vizuri kabla ya kupika. Kuku na mbuzi hawana dawa ila wavu.

Baada ya wiki tano hivi anza kuchuma majani ya chini, yabaki manne au matano juu. Kila wiki tatu ongeza viganja viwili vitatu vya samadi iliyoiva juu ya gunia, mbali na majani.

Salfeti ikianza kutoa nyuzi na unga ukiisugua, jua limeshaila. Mwaga udongo kabla haijapasuka, ongeza debe la samadi, jaza gunia jipya, na safari hii panda mchicha au vitunguu, kwa sababu magonjwa ya mizizi ya sukuma hubaki udongoni.