Somo: kupiga hesabu oksijeni inaishia wapi kwenye kidonda chenye utando wa bakteria

Wakuu habari zenu. Chukua kidonda sugu cha mguu kwa mgonjwa wa kisukari, kiko wazi, hewa inakipiga kutwa nzima, halafu ndani ya ule utando wa bakteria (bayofilamu) oksijeni hakuna kabisa. Wengi wanadhani haiingii. Inaingia vizuri tu, ila inaliwa njiani, na modeli yote tunayojenga hapa ni ya hilo moja.

Hatua ya 1. Chora kwanza kwenye karatasi. Juu hewa, katikati utando, tuseme mikromita 200, chini nyama yenye mishipa ya damu. Oksijeni inaingia pande ZOTE MBILI, msisahau huku chini.

Hatua ya 2. Andika mlinganyo. Mambo yakishatulia, inayosambaa ni sawa na inayoliwa:
D × d²C/dx² = q × C/(K + C)
C ni kiwango cha oksijeni, x ni kina ndani ya utando, D ni kasi ya kusambaa, q ni ulaji wa juu kabisa wa bakteria, K ni kiwango cha oksijeni ambacho ulaji unashuka hadi nusu.

Hatua ya 3. Kabla hujagusa kompyuta piga kwa mkono, hapa ndo pa kukaa muda mrefu. K ni ndogo sana kwa hiyo chukulia ulaji haubadiliki, kina cha kupenya kinakuwa kipeuo cha pili cha 2DC/q. Weka D = 1.5 × 10⁻⁹ m²/s, juu C = moli 0.2 kwa mita ya ujazo (maji yaliyoshiba hewa kwenye nyuzi 37), q tuchukue moli 0.24 kwa mita ya ujazo kwa sekunde. Unapata mikromita 50. Chini, nyama yenye shinikizo la oksijeni la kama mmHg 30 ni C ya 0.04, unapata 22. Jumla 72, kwa hiyo katikati mikromita 128 hazina kitu.

Hatua ya 4. Sasa ingia Python (lugha ya kuandikia programu). Gawa utando vipande vya mikromita 2, K weka 0.003, acha C ibadilike kidogo kidogo kwa muda mpaka itulie, hatua ya muda isizidi 0.0013 ya sekunde la sivyo namba zinalipuka. Jibu likipishana sana na lile la mkono angalia vipimo, mimi niliwahi kuweka D ya sentimita kwenye mita, oksijeni ikafika kila kona, siku tatu zikapotea hivi hivi.

MASWALI

Swali: Mkuu, tukimpa oksijeni tupu si itafika chini kote?
Jibu: Hapana ndugu, ndo uzuri wa kile kipeuo. C inapanda karibu mara 5 lakini kina kinapanda mara 2 na kidogo tu, kutoka 50 hadi kama 109. Ukipunguza ulaji mara 4 kina pia kinakuwa mara 2 tu. Ila kukwangua utando kuna nguvu yake, ukibaki chini ya zile mikromita 72 oksijeni inafika kote.

Swali: Bandeji inaingia wapi kwenye modeli?
Jibu: Kama haipitishi hewa, mpaka wa juu usiweke C, weka mtiririko sifuri. Utabaki na zile 22 za chini peke yake.

Swali: Chembe nyeupe za damu mbona hujaziweka?
Jibu: Umeuliza la maana sana dada. Zinakula oksijeni nyingi zinapotengeneza sumu ya kuua bakteria na zinajipanga kuzunguka utando, kwa hiyo ongeza tabaka lake pale chini lenye q yake, ile 0.04 itashuka hata kabla ya kugusa utando.

Swali: Na dawa je? Mama yangu alichomwa sindano wiki nzima kidonda kikabaki vile vile.
Jibu: Pole sana. Kwa mama sababu inaweza kuwa nyingine, hata damu kutofika vizuri mguuni, daktari wake ndo wa kulisema. Ila kwenye modeli, bakteria wa zile mikromita 128 wamepoa, hawagawanyiki, na dawa nyingi zinaua wanaokua. Dawa kama gentamisini ndo kabisa, kuingia ndani ya bakteria kunategemea nguvu inayotokana na upumuaji wake. Ongeza mlinganyo wa pili wa dawa, kiwango cha kuua ukizidishe na C/(K + C), halafu uone wanaobaki hai wamekaa wapi.