SOMO: Mbwa mdogo akizeeka (someni kabla ya kuja PM)

Wakuu, wiki hii pekee nimeulizwa mara nne, "Ka-Spitz kangu kamezeeka, nifanyeje?" Naandika mara moja.

1. Akishafika miaka 8 hadi 10, mhesabu mzee. Wengi hufika 13, 14 na zaidi. Kwa daktari wa mifugo kila miezi 6, hata kama ni mzima.

2. Chanjo ya kichaa na dawa ya kupe haziachwi.

3. Ukimpapasa ubavuni, mbavu uzisikie. Huzisikii? Punguza ugali.

4. Meno. Kinywa kidogo, meno yamebanana, yanaoza upesi. Mswaki wa mtoto na dawa ya meno ya mbwa. Yako usimpe, nyingine zina zailitoli (kitu kitamu kinachowekwa badala ya sukari), hiyo inaua mbwa.

5. Nyumba ya tailizi, tandika mkeka anapopita, asiteleze.

6. Maumivu. Hapa niliharibu. Tomi wangu, kilo 5, alianza kuchechemea asubuhi za masika. Nikakata nusu kidonge cha diklofenaki ya mama mkwe, nikakificha kwenye dagaa. Kesho yake anakimbia, nikajiona daktari, nikaongeza. Siku ya tatu anatapika, kinyesi cheusi kama lami. Weusi ule ni damu ya tumboni. Akakaa kwenye dripu siku nne. Alipona, ila figo hazikurudi kama zamani. Diklofenaki, ibuprofeni, asprini, panado: USIMPE, hata robo. Ziko dawa za maumivu za mbwa, daktari anazipima kwa kilo. Na ukipewa hizo, usichanganye na za kwako.

7. Akilala fofofo, hesabu pumzi kwa dakika moja. Zikizidi 30 kila ukihesabu, hasa kama anakohoa, nenda akapimwe moyo.

MASWALI

– Mkuu, panado ya maji ya watoto je?
Namba 6.

– Uzi mrefu sijamaliza. Wangu anachechemea, nimpe nini?
Mpe lifti hadi kwa daktari.

– Macho ya wangu yana ukungu wa bluu, ila mpira bado anadaka. Ni mtoto wa jicho?
Swali zuri, dada. Inawezekana ni lenzi tu imekakamaa kwa umri, na hapo mbwa huendelea kuona. Mtoto wa jicho huwa mweupe kama maziwa, na mbwa huanza kugonga viti. Daktari amulike ndipo ujue. Kwa sasa usihamishehamishe makochi.

– Anakunywa maji kupita kiasi, ni joto la Dar?
Pima kwa chupa. Mbwa wa kilo 5 akizidi nusu lita kwa siku, usisingizie joto. Akapimwe figo na sukari.

– Mimi nilitoa mkanda wa shingo nikaweka wa kifuani, kikohozi kikapungua.
Ahsante mkuu, hilo nililisahau. Njia ya hewa ya hawa wadogo hulegea, mkanda wa shingo unaibana. Ulinunua wapi?

– Sikununua. Fundi viatu alinishonea kwa mikanda ya begi la shule.