Somo: Kiongozi, anza na kazi moja tu

Akili mnemba (AI) ikishindwa ofisini, mara nyingi kosa si la programu. Mkubwa ameamuru itumike, kisha kila mtu anaijaribu kivyake kwenye simu. Tuchukue hoteli ndogo ya Malindi inayopokea barua za wageni kwa Kiingereza na Kiitaliano.

1. Chagua kazi inayojirudia, ambayo kosa lake litaonekana kabla ya kumfikia mteja. Kujibu barua kunafaa. Mishahara, hapana.

2. Kwa wiki mbili andika daftarini kila jibu huchukua dakika ngapi, na mangapi hurudishwa kusahihishwa. Bila hayo hutajua umepata faida gani.

3. Toa kanuni ya ukurasa mmoja: namba za pasipoti, vitambulisho na kadi za benki haziingizwi kwenye programu za bure. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, data ikivuja na kuhatarisha watu, Kamishna wa Data hujulishwa ndani ya saa 72.

4. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Programu hizi hutunga sentensi kwa kukisia neno lifuatalo; hazijui bei zako wala bahari yako. Ukiiuliza saa ya safari ya mashua itakutajia, hata kama wakati huo maji yamekupwa. Ipe orodha ya bei, ratiba ya kupwa na kujaa ya mwezi huo, na majibu kumi mazuri mliyokwisha kuandika. Chunga pia saa zetu: "saa mbili asubuhi" huweza kugeuzwa 2:00. Andika 08:00.

5. Mtu mmoja anayejulikana asome kila jibu kabla halijatumwa. Baada ya wiki sita, rudi kwenye daftari. Kama kusahihisha kunakula muda wote uliookolewa, acheni.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, wafanyakazi wangu wanahofia kufutwa. Niwaambieje?
Waambie mapema, kwa maandishi, muda utakaookolewa utaenda kwenye kazi gani. Ukilikwepa swali hilo watakuficha makosa ya programu, na hayo ndiyo unayohitaji kuyajua.

Shikamoo. Sisi ni kikundi cha wavuvi Lamu. Tuiandikie kwa Kiamu?
Marahaba. Itaelewa kwa sehemu tu, na majina ya samaki huyachanganya. Ipeni orodha ya changu, tafi, kolekole na nguru, kila mmoja na jina lake la Kiingereza, na mvuvi mzoefu apitie tangazo kabla halijatoka.

Na intaneti ikikatika?
Yale majibu kumi yachapwe, yakae mapokezi.