Kuigiza ile kesi ya Shylock: anzeni na mkataba

Ka kikundi chenu kinataka kuigiza ile kesi ya Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare ile Nyerere alitafsiri ikatoka 1969, tafadhali msianze na hotuba ya huruma ya Portia, yule mwanamke anajifanya wakili kotini. Najua ni tamu na kila msichana anaitaka, lakini sisi hapa Kondele, Kisumu, tulianza nayo na tukaharibu kila kitu, Shylock, yule Myahudi mkopeshaji pesa, akakaa jini tu, watu wakacheka wakaenda zao.

Anzeni na deni. Andikeni kwa karatasi: dukati 3,000 (pesa ya Venisi), miezi 3, Antonio, yule mfanyabiashara anakopa kwa Shylock, akishindwa kulipa anakatwa ratili ya nyama ya mwili wake. Kila mtu aisome kwa sauti. Halafu someni pale Shylock anamkumbusha Antonio vile alimtemea mate na kumwita mbwa, na leo ndio huyo amekuja kukopa. Bila hiyo kesi haina uzito.

Shylock mpeeni mtu anayewadai watu pesa, yaani watu wako na pesa yake. Sisi tulimpa dada mmoja anauza omena Kibuye, wateja wanachukua na kusema kesho, aki huyo hakuhitaji kufundishwa hasira.

Portia asikimbie. Kwanza anakubali mkataba ni halali, anaomba huruma, Shylock anakataa, Bassanio, rafiki ya Antonio, anaahidi mara mbili ya deni, anakataa pia, kisu tayari kimenolewa kwa soli ya kiatu. Hapo nyamazeni kidogo ndio Portia aseme, kata nyama lakini damu isitoke hata tone.

Wengi wanaona imeisha hapo, kumbe ndio inaanza. Portia anatoa sheria ingine, ya mgeni aliyetaka kumuua raia (Shylock kama Myahudi anahesabiwa mgeni), na maisha yake yote yanakuwa mkononi mwa Dyuki, mtawala wa Venisi. Anaachiwa uhai, sawa, lakini Antonio anataka awe Mkristo, na mali yake siku moja iende kwa kijana aliyetoroka na binti yake. Na wanaita hiyo huruma! Mi huwa nashindwa, ni nani hapo amesikiliza ile hotuba?

Shylock asilie. Aseme hajisikii vizuri, apite katikati ya watu polepole atoke, msipige ngoma. Gratiano, rafiki mwingine wa Bassanio, ataendelea kumkejeli, na nyinyi wengine wa kotini msimsaidie, mwacheni acheke peke yake.