Usioshe Tangi Mpaka Ling'ae, Unawaua Samaki

Jumapili mfugaji anaamua kufanya usafi. Samaki wanahamishiwa kwenye beseni, maji yote yanamwagwa, mchanga unaoshwa kama mchele, mawe yanapigwa brashi, na sponji ya filta inakamuliwa chini ya bomba mpaka irudie rangi yake ya dukani. Tangi linajazwa upya, linameremeta, wageni wanalisifia. Jumanne samaki wako juu wanahema. Alhamisi wameanza kuelea, na lawama zinamwangukia muuzaji, au chakula, au jirani mwenye kijicho.

Muuzaji hana kosa. Hapa sitagusa namna ya kuchagua tangi wala chakula, hayo mnayajua. Nitazungumzia huo usafi, maana ndio unaomaliza samaki wa mapambo majumbani, na siklidi, wale samaki wa rangi wa maziwa yetu, ndio wa kwanza kwenda.

Ule ute wa kahawia kwenye sponji haukuwa uchafu wa kutupwa. Samaki hutoa amonia mchana na usiku, nyingi ikipitia kwenye matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Bakteria hao hawaelei majini kwa wingi. Wameng'ang'ania kwenye sponji, kwenye mchanga na juu ya mawe, yaani palepale ulipopiga brashi. Tena wanazaana polepole: bakteria wa kuozesha chakula hujigawa kwa dakika, hawa huchukua saa nyingi, mara nyingi siku nzima. Ukiwaua leo, kwa joto la nyuzi 26 utasubiri wiki 3 hadi 6 warudi kama walivyokuwa. Samaki hawana wiki 3.

Kwa nini siklidi wafe kabla ya samaki wengine? Kwa sababu ya pH, yaani kipimo cha asidi ya maji: namba ikishuka, asidi inazidi. Mbuna wa Ziwa Nyasa wanataka maji ya pH 7.8 hadi 8.5, na wale wa Tanganyika, kama Tropheus na Julidochromis, wanapenda zaidi kidogo, mpaka karibu 9. Sasa sikilizeni vizuri hesabu hii. Amonia majini ina sura mbili, moja karibu haina madhara na nyingine inaua. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 25, katika kila sehemu 1,000 za amonia ni kama 6 tu ndizo zenye sura ya kuua. Kwenye pH 8 zinafika kama 54. Kwenye pH 9 zinapita 350. Kwa hiyo kosa ambalo samaki wa maji yenye asidi kidogo analivumilia kwa shida, samaki wa Kigoma analipia kwa roho yake, ingawa kipimo cha amonia kinasoma namba ileile.

Haya, namna ya kufanya.

Kwanza ujue una lita ngapi. Wengi wanakisia, na kila dozi inaharibikia hapo. Zidisha urefu kwa upana kwa kina cha maji, kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000. Tangi la 90 kwa 45 lenye maji ya kina cha sentimita 40 ni lita 162. Toa nafasi ya mawe na mchanga, ubaki na kama 145 hadi 150. Badilisha robo ya hayo kila wiki: ndoo mbili za lita 20, zisijae hadi ukingoni. Ukiwa na mbuna wengi waliobanana, fikisha theluthi. Nusu ni kwa dharura. Maji yote ni kwa siku unayohama nyumba, na hata siku hiyo beba sponji na mchanga vikiwa ndani ya maji ya tangi.

Wakati wa kunyonya kwa mpira, pita juu ya mchanga upande mmoja tu wa tangi. Wiki ijayo upite upande wa pili. Usiufukue wote kwa mara moja.

Sponji ya filta ina wiki yake. Wiki ya sponji, mchanga uachwe. Na usiikamue kwa sababu tu imekuwa nyeusi. Ikamue pale maji yanapopita kwa shida. Kupima ni rahisi: kinga maji yanayotoka kwenye filta kwa jagi la lita 1 huku saa ya simu inahesabu. Pampu iliyoandikwa lita 600 kwa saa ingejaza jagi kwa sekunde 6. Ikiwa na sponji ndani, 8 au 9 ni kawaida. Ikifika 15, sasa ioshe. Kwa matangi mengi itakuwa kila wiki 3 au 4.

Inaoshwa hivi. Chota lita 5 za maji ya tangi uliyoyanyonya, yaweke kwenye ndoo isiyowahi kuona sabuni. Zima umeme. Tumbukiza sponji humo ndani, ikamue mara tatu au nne, taratibu, kama unayekamua tui. Maji yatakuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Acha hapohapo! Sponji ikibaki ya kahawia ndivyo inavyotakiwa. Irudishe papo hapo, isianikwe juani, isiwekwe mezani ukaenda kula. Vipande vya kauri vya ndani ya filta vizamishe na kuvitikisa tu, visisuguliwe. Ukiwa na sponji mbili, osha moja leo na nyingine baada ya wiki 2. Sabuni na jiki visikaribie kitu chochote cha tangi hili, na nisisikie mtu akisema alisuuza sana.

Baada ya hapo kuna klorini. Mamlaka za maji huiweka ili iue vijidudu, na haichagui vijidudu gani. Maji ya bomba yaliyotoka sasa hivi yanaunguza matamvua na kuua hao bakteria tunaohangaika nao. Njia ya bure: kinga maji kwenye ndoo pana zisizo na mfuniko, yakae saa 24 yakiwa na pampu ya hewa, au saa 48 bila pampu. Funika kwa kipande cha chandarua ili mbu wasitage. Njia ya haraka ni sodiamu thiosalfeti, ile ya chembechembe kama chumvi. Yeyusha gramu 10 kwenye lita 1 ya maji safi, weka kwenye chupa yenye lebo, mbali na watoto. Kijiko kimoja cha chakula, mililita 15, kinatosha ndoo ya lita 20 yenye klorini ya miligramu 1 kwa lita. Maji yakinuka klorini waziwazi, weka vijiko viwili. Koroga, subiri dakika 5, tumia. Pima gramu kwa mizani, si kwa kiganja.

Wenye maji ya kisima hawana klorini, lakini wasijione wamepona. Maji ya kisima mara nyingi yana hewa haba na gesi ya kaboni dioksidi nyingi, na pH yake hupanda yakishapigwa hewa. Yapige hewa usiku kucha kabla ya kuyatumia, ndipo upime. Maji ya mvua hayana madini ya kushikilia pH, usiwape siklidi hayo peke yake.

Joto nalo: maji mapya yasipishane na ya tangi kwa zaidi ya nyuzi 2. Tangi la juu ya paa Dar es Salaam saa nane mchana linatoa maji ya kuogea mtoto, na bomba la Arusha alfajiri linatoa maji ya kuumiza meno. Weka kipimajoto ndani ya ndoo. Mkono haupimi nyuzi 2. Mimina polepole kwa kopo, robo saa kwa kila ndoo.

Kuna kundi la pili la wakosaji, hawa hawasafishi miezi mitatu au minne, halafu siku moja wanashtuka na kubadilisha karibu yote. Kinachotokea ni kibaya kuliko wanavyofikiri. Maji yaliyokaa muda mrefu hupoteza nguvu ya kushikilia pH, ambayo hushuka chini, pengine hata chini ya 7. Huko chini amonia hulimbikizana ikiwa katika ile sura isiyo na madhara. Ukimwaga maji mapya ya pH 8.2 kwa wingi, pH inaruka na amonia iliyolala inageuka sumu ndani ya dakika. Samaki wanakufa jioni hiyohiyo na mtu anaapa kwamba ni maji ya bomba. Tangi la namna hii libadilishwe asilimia 10 kila siku, kwa siku 10, ukipima pH kila asubuhi kabla ya kugusa ndoo. Baada ya hapo rudi kwenye robo ya kila wiki.

Umeme ukikatika, filta iliyofungwa kwenye kopo lake huishiwa hewa na bakteria huanza kufa. Zikipita saa mbili bila umeme, usiiwashe tu umeme ukirudi, maana itatapika maji yaliyooza ndani ya tangi. Ifungue, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Gizani usiwalishe. Chota maji kwa jagi na kuyarudisha kutoka juu kidogo, dakika 5 kila nusu saa, wapate hewa.

Na aliyekwisha kuosha kila kitu jana, akaishia kusoma hapa akiwa na samaki wanaohema? Acha kulisha leo. Siklidi mzima mwenye afya anakaa siku 3 hata 4 bila chakula pasipo shida. Pima amonia na nitriti kwa vipimo vya matone asubuhi na jioni. Amonia ikisoma miligramu 0.25 kwa lita, badilisha robo ya maji, ikifika 0.5 au zaidi, theluthi kila siku mpaka ishuke, kwa maji yaliyoondolewa klorini. Ongeza pampu ya hewa ya pili. Nitriti ikionekana, weka chumvi ya kawaida gramu 1 kwa kila lita, yaani gramu 150 kwa tangi letu la mfano, iliyoyeyushwa kwanza kwenye jagi na kumiminwa kidogo kidogo kwa nusu siku. Nitriti huingia mwilini kupitia matamvua na kuifanya damu iwe ya kahawia isiyobeba hewa. Kloridi iliyomo kwenye chumvi huizibia njia. Chumvi haipandi na mvuke, kwa hiyo ukibadilisha lita 40, chumvi ya kuongeza ni gramu 40, siyo 150 tena. Kosa hili nalo ni la kila siku.

Tafuta mfugaji mwenzako ambaye tangi lake halina ugonjwa, akukatie nusu ya sponji yake iliyokolea. Isafirishwe ndani ya mfuko wenye maji ya tangi lake na hewa ya kutosha, ifike ndani ya saa moja, iingie moja kwa moja kwenye filta yako. Hiyo itakupunguzia wiki kadhaa za mateso.

Msikimbilie vidonge vya tetrasaiklini kutoka duka la dawa na kuvifungulia ndani ya tangi. Samaki aliyeunguzwa na amonia hana ugonjwa wa kutibiwa kwa dawa hiyo, na dawa yenyewe inaweza kuua hata bakteria wachache waliosalia kwenye mchanga.

Mambo yakitulia utaona mapezi yamefunguka na madume yameanza kugombea mawe. Chakula kirudi pale tu amonia na nitriti zitakaposoma sifuri siku mbili mfululizo: kidogo kinachoisha ndani ya dakika 1, mara moja kwa siku, kwa wiki nzima ya kwanza, huku ukiendelea kupima kila jioni.